Rekodi mpya ya Mike Ness inaruka wimbo wa tatu, ni rekodi mbovu ama ni plea ya mzee?

MtotoWaBuru

Wasee habari zenu. Nina swali la rekodi na sijui pengine pa kuuliza, maana kazini nikitaja rekodi watu wanadhani nimeshikwa na polisi.

Iko hivi. Mzee wangu alipofariki aliacha plea ya rekodi pale sebuleni Buruburu, ile ya mfuniko wa plastiki ya rangi ya moshi. Imekaa miaka chini ya kitambaa cha mathe, juu ya kitambaa kuna picha ya harusi ya sista na juu ya picha kuna maua ya plastiki, yaani ilishageuka meza. Mwezi jana nikasema naifufua. Nikatoa vumbi, nikapanguza kila mahali na pamba yenye spiriti, nikatafuta mkanda mpya wa kuzungusha sahani, nikaunganisha na amplifaya, nikaweka Jim Reeves ya mzee na kitu ikaimba. Mathe alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama tu pale mlangoni, hakusema kitu, ugali ukaungua.

Sasa binamu yangu anakaa Marekani na alikuja likizo, nikamwomba aniletee kitu kimoja tu, si viatu si simu, albamu ya Mike Ness inaitwa Cheating at Solitaire. Kwa wale hawamjui huyo ndiye mwimbaji wa Social Distortion, bendi ya panki ya California, walianza 1978. Hii ndiyo albamu yake ya kwanza akiwa peke yake bila bendi, ilitoka 1999 enzi za CD, na mimi niliijulia kwa CD ya rumeti wangu chuoni. CD yenyewe ilikuwa imekwaruzwa mpaka wimbo wa 15 haukuwahi kucheza hata siku moja, kwa hivyo miaka hiyo yote nilijua albamu ina nyimbo 14. Nikaona wameitoa upya kwenye santuri nikasema hii siachi. Binamu akaifunga katikati ya jinzi kwenye sanduku, ikafika bila hata kona kupinda.

Shida sasa. Upande wa kwanza, wimbo wa kwanza sawa, wa pili sawa, ule wa tatu, ule ameimba na Bruce Springsteen, besi na ngoma zikiingia kwa nguvu sindano inaruka inarudi nyuma, inaenda kidogo inarudi tena, neno moja tu kama kasuku. Nimejaribu mara tano. Nimeosha. Nimepuliza. Nikirudisha Jim Reeves inacheza toka mwanzo hadi mwisho bila neno.

Kwa hivyo rekodi ndiyo mbovu ama? Binamu ameshapanda ndege na duka liko upande ule mwingine wa dunia, kurudisha ni hadithi. Na la pili, mathe amesikiliza zile nyimbo mbili za kwanza akaniambia huyu si mtu wa roki, huyu ni mtu wa kantri, hizo chale za mikono zisikudanganye. Sasa anataka kujua wimbo wa tatu unaishaje.

FundiWaLuthuli

Pole kwa kumpoteza mzee. Usirudishe kitu na usimpigie binamu bado, rekodi mpya inayoruka mahali penye besi mara nyingi haina kosa lolote.

Niambie vitu kadhaa. Plea imekaa sawa ama imelala upande, chukua pima maji ya fundi wa mawe uweke juu ya sahani uone. Sindano ni ya lini. Ule mkono una kile chuma cha mviringo nyuma, cha kuzungusha, ama hauna. Na ulipokuwa unasafisha na hiyo pamba yako ya spiriti, kuna kitu chochote ulitoa?

Hilo la mwisho nataka unijibu vizuri.

HasiraTupu

Mimi sina shida na sindano yako nina shida na hiyo albamu. Jamaa alikuwa na bendi kali, 1983 wametoa albamu ya Mommy's Little Monster mbio mbio hakuna kupumua, halafu anafika miaka 37 anachukua gita la taratibu, anamwita Springsteen, anamwita mpiga gita Brian Setzer, anaimba wimbo wa Bob Dylan, na sisi tunaambiwa hii ni panki. Panki ni kelele ya mtu hana kitu. Ukishakuwa na namba ya simu ya Springsteen wewe si panki, wewe ni mwanachama wa klabu ya gofu. Na sasa wameichapisha upya kwa santuri nzito ili wazee wenye mshahara wanunue mara ya pili kitu walichonunua 1999.

Mathe yako ako sawa. Hiyo ni kantri.

MtotoWaBuru

@HasiraTupu mimi niliinunua mara ya kwanza, ile CD haikuwa yangu.

@FundiWaLuthuli nimepima. Imelala kidogo sana upande wa dirishani, nimeweka kadi ya maziwa iliyokunjwa chini ya mguu mmoja imekaa sawa, bado inaruka. Chuma cha nyuma kiko. Sindano sijui ni ya lini, mathe anasema mzee aliinunua River Road kabla mimi sijaenda darasa la kwanza, na mimi nina miaka 41.

Kitu nilitoa... sasa hapo ndipo nimeanza kujishuku. Juu ya kile kichwa cha mkono, pale sindano imeshikiliwa, kulikuwa na sumuni, yaani sarafu ya senti hamsini. Sumuni ya zamani ile ya Mzee Kenyatta, imebandikwa na selotepu na selotepu imekuwa rangi ya chai. Nilidhani ni ujinga wetu wa utotoni mimi na sista, kuna wakati tulikuwa tunabandika kila kitu. Nikaitoa, nikasugua gundi mpaka ikaisha. Sumuni iko kwa droo ya vijiko.

FundiWaLuthuli

Haya. Huo haukuwa ujinga wa utotoni, huyo alikuwa mzee wako anarekebisha plea.

Sikia. Sindano inakaa ndani ya mfereji, ule mstari uliochongwa kwenye rekodi, kwa uzito wake tu, hakuna kitu kingine kinachoishikilia. Mkono ukiwa mwepesi sana inaelea. Wimbo wa taratibu utapita, sauti ikiwa ndogo itapita, lakini besi ikiingia ule mfereji unaanza kwenda kushoto kulia kwa nguvu na sindano nyepesi inatoka nje inaangukia mfereji wa jirani. Fikiria matatu tupu inashuka Mai Mahiu kwa kasi. Ikiwa na abiria na magunia ya viazi inashika barabara, ikiwa tupu kona ya kwanza unaisikia matairi. Wimbo wako wa tatu ndio kona.

Sasa mbona Jim Reeves hairuki. Kwanza hakuna besi ya kutisha pale, ni sauti ya mzee ametulia na piano na vinanda vya nyuzi nyuma. Pili hizo rekodi zimechezwa na sindano hiyo hiyo na sumuni juu yake miaka mingi, mifereji imeshachongwa ikawa kiatu cha mguu mmoja. Rekodi mpya haijui mguu wa mzee.

Lakini usikimbie kurudisha sumuni. Sarafu ilikuwa dawa ya watu wengi zamani, sindano ikiisha makali inaanza kuruka, sindano mpya ni pesa, unabandika sarafu inaacha kuruka na unaendelea na maisha. Kumbe sasa una ncha imekuwa patasi na umeikandamiza, inalima. Ukitoa sindano baada ya rekodi moja utaona vumbi jeusi kwenye ncha, hiyo si vumbi ya nyumba, hiyo ni rekodi yako. Kwa Jim Reeves hasara imeshatokea, kwa hii mpya bado.

Fanya hivi. Tafuta sindano mpya inayoingia kwa hicho kichwa, angalia maandishi madogo upande wa kichwa upige picha uende nayo. Halafu zungusha kile chuma cha nyuma mpaka mkono uelee wenyewe sambamba na sahani, haupandi haushuki, hiyo ni sifuri. Kutoka hapo unaongeza uzito. Vichwa vingi vya sumaku hutaka kama gramu 1.5 hadi 2 na kitu, vile vya zamani vya seramiki vinataka zaidi, nne hata tano, kwa hivyo lazima kwanza tujue chako ni kipi. Usikisie na kidole. Kuna mizani ndogo za masonara za kupimia dhahabu, ukipata mtu akuazime utaweka sindano juu yake itasoma namba.

Nyakio_wa_Sundowner

Mmenichekesha na sumuni. Kwetu Thika ilikuwa kipande cha sabuni, baba alikuwa anakata kipande cha sabuni ya kufulia anakiweka hapo, kikikauka kinaanguka katikati ya wimbo.

Nimekuja kumtetea mama. @HasiraTupu wewe umesema ako sawa kama tusi, mimi nasema ako sawa kama sifa. Hiyo albamu ina You Win Again ya Hank Williams, huyo Hank alikufa siku ya mwaka mpya 1953 akiwa na miaka 29 tu, ameishi haraka kuliko panki yeyote unayemjua wewe. Ina Long Black Veil ambayo Lefty Frizzell aliirekodi 1959, ile ya mtu ananyongwa kwa kosa si lake na anakataa kusema alikuwa wapi usiku ule kwa sababu alikuwa na mke wa rafiki yake, na anaimba akiwa tayari kaburini. Niambie mwanamke gani wa miaka 60 na kitu hapa Kenya hajui wimbo wa aina hiyo. Sisi tumelelewa na hizi nyimbo, jioni KBC Sundowner inaimba redioni mama anachambua mchele, Jumapili baada ya kanisa Don Williams, harusini Kenny Rogers, matangani Jim Reeves. Watoto wa sasa wanashangaa Mkenya mwenzetu Sir Elvis akipanda jukwaani Nairobi na kofia na buti anaimba kantri na watu wazima wanaimba naye neno kwa neno, sisi hatushangai. Jim Reeves alianguka na ndege 1964 na bado mazishini kwetu ndiye huyo.

Kwa hivyo Mwamerika mwenye chale shingoni amekula madawa, amelala jela, akaacha madawa katikati ya miaka ya themanini, halafu amefika makamo akarudi kwa nyimbo za wakubwa wake. Hiyo mbona ni kitu cha ajabu? Hapa kwetu kila mlevi aliyeokoka anarudi kwa kwaya.

Nimesema vibaya lakini mmeelewa.

KapkatetBoy

@Nyakio umenigusa, acha niongeze ya kwetu Kericho.

Ukifuata nyuma ya Hank Williams unafika kwa Jimmie Rodgers, yule wa kuyodeli, aliyekufa na TB 1933. Rekodi zake zilifika kwa Wakipsigis, wanasema wamisionari ndio walileta na gramafoni ya mkono. Watu wakasikia sauti ya mtu anaimba halafu anapasua sauti juu kama mnyama, mtu mwenyewe haonekani, ako ndani ya boksi. Jina Jimmie Rodgers likawa Chemirocha. Na Chemirocha akawa kiumbe, nusu mtu nusu swala, wasichana wakamtungia wimbo na wakaupiga na kinubi chetu cha chepkong. 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey akapita huko na mashine yake akawarekodi, hiyo rekodi ipo mpaka leo na ukiisikia usiku peke yako nywele zinasimama.

Ndio maana mtu akiniambia kantri ni ya wazungu namwangalia tu. Shosho zangu walikuwa wamemgeuza mwenyewe swala.

HasiraTupu

Sawa sawa nimepigwa na Thika na Kericho siku moja.

Lakini mnajibu swali sijauliza. Mimi sijasema kantri ni mbaya. Nasema kuna tofauti ya mtu anaimba maisha yake na mtu anavaa nguo za babu yake akapige picha. Hapa Nairobi nimeona bendi ya Crystal Axis wakipiga, wamechukua mfalme Leopold wa Ubelgiji na damu ya Kongo wakafanya panki, hiyo ni hasira yetu na historia yetu. Huyu jamaa yenu anaimba kuhusu gari na mapenzi yamevunjika.

Nyakio_wa_Sundowner

Mapenzi yamevunjika pia ni historia mwanangu, subiri.

SahaniZaKale

Niingie kwa upande wa rekodi yenyewe maana hapo hakuna mtu amejibu kama inafaa pesa.

@HasiraTupu kuhusu kuuziwa mara ya pili. 1999 santuri zilikuwa zimelala, karibu kila mtu alikuwa anatoa CD, na albamu nyingi za wakati ule zikipata santuri zilipata chache. Ukitaka chapa ya kwanza ya kitu cha miaka hiyo leo unauziwa bei ya kodi ya nyumba na huna hakika aliyekuwa nayo hakuwa na sumuni yake. Kwa hivyo toleo jipya si wizi, ndiyo njia pekee mtu wa kawaida atashika hiyo kitu mkononi. Wizi ni pale wamechukua faili ya CD iliyobanwa sauti mpaka haipumui wakaichapa hivyo hivyo na kuongeza stika ya dhahabu. Hapo hata mimi nateta.

Jinsi ya kujua ni masikio, lakini kuna kitu kingine napenda kuangalia. Geuza rekodi kwenye mwanga wa dirisha, pale ndani karibu na ile karatasi ya katikati kuna sehemu laini haina wimbo. Utaona namba na herufi zimekwaruzwa hapo, zingine kwa mashine, zingine kwa mkono wa mtu. Yule aliyechonga ule mfereji mara nyingi huacha alama yake pale, herufi mbili tatu. Ukiziona ujue kuna mtu alikaa akasikiliza wimbo kwa wimbo, akaamua besi iingie kiasi gani na nafasi kati ya mstari na mstari iwe kiasi gani, kwa sababu upande mmoja wa inchi 12 ukishapita dakika 20 na kitu lazima ubane, ukibana sauti inapungua. Nyimbo 15 si mchezo kuzipanga.

Mtoto wa Buru niangalizie hizo herufi zako, nina udadisi tu.

Na kama hutaki kuchezea plea mwenyewe nenda Kenyatta Market, kibanda 570, kwa Jimmy, Real Vinyl Guru. Unapita katikati ya moshi wa nyama choma na wamama wanasuka nywele wanakuita kila hatua hata kama una kipara kama mimi, halafu ghafla kuna ukuta wa rekodi kutoka chini hadi juu. Mzee amekaa kwa hiyo kazi miaka na miaka na hana haraka, utakunywa chai. Enda na pesa umeihesabu nyumbani, la sivyo utatoka na Franco watatu na huna nauli.

Kitu kinaniuma lakini, na hapa si Mike Ness ni sisi. River Road ilikuwa inatoa zile ndogo za 45, sehemu ya kwanza upande huu sehemu ya pili upande wa nyuma, benga, rumba, za Kikamba, za Kiluo, Kisii, kila lugha. Zilitupwa. Nimezikuta Gikomba zinafunikia mitungi. Ilibidi kampuni ya rekodi ya Soundway ya Uingereza itoe Kenya Special, mkusanyo wa nyimbo hizo za zamani, 2013 ndio vijana wangu wajue kulikuwa na kitu hapa. Mwimbaji wa panki California akipiga miaka 20 albamu yake inapewa karatasi mpya na nta mpya, mzee wa benga akipiga miaka 50 mjukuu wake anatafuta wimbo kwa YouTube uliopandishwa na Mjapani.

KapkatetBoy

Mjapani Mungu ambariki lakini.

SahaniZaKale

Ambariki sana. Nimemwandikia mara mbili kumshukuru, akanijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

MtotoWaBuru

Wakuu nimerudi na ripoti. Jumamosi nilibeba plea nzima kwa mfuko wa blanketi, nikapanda matatu ya 58 nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga, makanga akataka kunilipisha viti viwili, tukaelewana kiti na nusu.

Fundi mmoja wa mjini, mzee mtulivu, aliangalia ncha ya sindano na ile lenzi ya fundi wa saa akanipa na mimi niangalie. Yaani imekatika bapa upande mmoja. Nilitegemea kitu kama ncha ya kalamu, nikaona kitu kama jembe. Kichwa ni cha sumaku, sindano mpya inayoingia ilikuwa shilingi 2,200, akaweka, akazungusha kile chuma cha nyuma mpaka mkono ukaelea vile Fundi alisema hapa, akaleta mizani ndogo, ikasoma gramu 2 kamili akasema inatosha hapo usiguse.

Nikarudi. Upande wa kwanza, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi nimesimama nimeshika ukuta. Besi ikaingia, ngoma ikaingia, Springsteen akaingia, sindano haikutikisika. Na kuna kitu sikuwahi kusikia kwa ile CD ya rumeti, magita mawili hayako mahali pamoja, moja liko upande wa kabati lingine upande wa mlango, na wao wawili wanaimba kama watu wamekaa baa moja na kila mtu anamwonea mwenzake huruma.

@SahaniZaKale nimeangalia kwa dirisha, namba zipo na baada ya namba kuna herufi za mkono, zimekwaruzwa kidogo zimelala upande. Sijui ni za nani lakini nimeziangalia dakika nzima kama mjinga.

Wimbo wa 15 nimeusikia kwa mara ya kwanza maishani. Ni mfupi. Nimekaa nao.

Mathe sasa. Tulipofika Long Black Veil mathe alikuwa anapanga nguo, akaacha. Akaanza kuimba, si kwa sauti, mdomo tu. Anaijua yote. Nikamuuliza aliijulia wapi, akasema baba yako alikuwa anaipiga kwa gita kabla hatujaoana, alikuwa amejifunza kwa redio, maneno mengine alikuwa anabuni kwa sababu hakuyasikia vizuri. Sikujua mzee aliwahi kushika gita. Mimi nina miaka 41 na sijawahi kuona gita kwenye hiyo nyumba. Nikauliza gita lilienda wapi akasema liliuzwa mwaka uliozaliwa.

@HasiraTupu hapo kwa mambo ya panki nimekuachia, sina nguvu.

HasiraTupu

Hapana, mimi nimenyamaza.

Ile yake ya pili si mliisikia? Under the Influences, ilitoka mwaka huo huo 1999, karibu yote ni nyimbo za watu wengine, kuna ya Marty Robbins, kuna ya Wanda Jackson. Kama binamu anarudi Desemba mtume. Mathe yako ataimaliza kwa siku moja.

Nyakio_wa_Sundowner

Umeijuaje hiyo HasiraTupu? 😂

HasiraTupu

Nilisema sipendi, sikusema sina.

MtotoWaBuru

Moja la mwisho, Fundi nisaidie. Leo nimetoka kazini nimekuta mathe anasikiliza Jim Reeves, sawa, nikafurahi. Nikakaribia plea. Sumuni imerudi. Juu ya kichwa, selotepu mpya, imekatwa vizuri na makasi. Nikamwambia mama fundi amekataza, ameniangalia tu akasema hiyo ni mahali pake.

FundiWaLuthuli

Haya, iache. Zungusha kile chuma cha nyuma kirudi nyuma pole pole, ukiwa na mizani chini ya sindano na sumuni ikiwa juu, mpaka isome 2 tena. Ukifika 2 weka alama na kalamu usije ukasahau.